Kabla ya mnada: namna ya kuuliza uongozi wa Mungu na kuutii

Msimu wa korosho ni mtihani mkubwa wa imani huku Kusini mwa Tanzania. Ndani ya miezi michache mtu anaamua mambo ya mwaka mzima: auze lini, amlipe nani kwanza, ajenge au asomeshe, aoe, ahamie Dar. Ndiyo maana mifano mingi hapa imetoka shambani na ghalani. Mwalimu wa Ligula au muuza samaki wa Msangamkuu atabadilisha majina ya vitu tu, hatua ni zile zile.

Anza na daftari, mfungo baadaye

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Juu ya ule wa kushoto andika "Limeshasemwa", juu ya ule wa kulia andika "Nimeachiwa". Kisha chukua swali lako ulipasue vipande. "Nifanyeje na korosho zangu?" ni swali kubwa mno kuombewa. Lipasue: nizianike siku tatu au nizipeleke na unyevu wake ili kilo ziongezeke? Nichanganye na zile mbovu za mwaka jana? Niuze mnada wa kwanza au nisubiri wa pili? Nimlipe jirani aliyenikopesha salfa, dawa ya mikorosho, kabla sijanunua bati?

Unyevu, kuchanganya na deni vinakwenda kushoto. Methali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na korosho iliyonyunyiziwa maji ni mizani ya hadaa hata kama mizani yenyewe ni mizima. Mnada wa kwanza au wa pili unakwenda kulia. Hapo Mungu amekupa akili, bei na katibu wa Amcos, chama cha ushirika cha wakulima, wa kumuuliza.

Ukimaliza utagundua ukurasa wa kushoto umejaa kuliko ulivyotarajia. Huo ndio ugonjwa wa wengi wetu: tunafunga siku tatu kuomba ishara juu ya jambo lililoandikwa tayari, kwa sababu jibu lake lina gharama. Yesu alisema katika Yohana 7:17 kwamba anayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua. Kupenda kutenda kunatangulia, kujua kunafuata.

Kuna swali moja gumu kulipanga, nalo ni kangomba, yaani kununua korosho za mtu kwa bei ya chini kabla hazijavunwa. Kununua kwa kangomba kunakwenda kushoto bila mjadala. Tuseme mtu ana mgonjwa mwezi wa Saba, unampa shilingi 100,000 kwa ahadi ya kilo 100 za korosho ambazo bado ni maua. Mnada ukifika 2,500 kwa kilo, umechukua mali ya 250,000 kwa shida yake, na serikali imekataza biashara hiyo. Lakini yule anayeuza ana mtoto kitandani. Kwake shauri la kwanza ni kuwaambia jumuiya au wazee wa kanisa kabla hajaenda kwa mnunuzi. Kanisa likijua mwezi wa Saba na likanyamaza, basi liandike jina lake lenyewe kwenye ukurasa wa kushoto.

Kusoma

Dakika ishirini zinatosha, alfajiri ni bora. Wakristo wengi wa mjini Mtwara na Lindi huamshwa na adhana hata wasipotaka, kwa hiyo saa ya kengele si tatizo. Soma fungu moja la aya 10 hadi 15, mara tatu, mara moja kwa sauti. Kisha soma sura nzima ujue nani anasema na nani.

Usifungue Biblia popote na kuweka kidole kwa kubahatisha. Anayetaka kwenda Dar kidole kikiangukia Mwanzo 12:1, "Toka wewe katika nchi yako", atafunga mizigo. Kikiteleza sura kumi na nne mbele, Mwanzo 26:2, Isaka anaambiwa asishuke Misri, akae. Kitabu ni kile kile, na amri zote mbili ni za kweli, kila moja kwa mwenyewe.

Katika maombi andika kwanza unachokitaka, bila kukipaka rangi: "Bwana, nataka niambiwe nioe mwaka huu." Tamaa isiyoandikwa hujigeuza sauti ya Mungu kufikia siku ya tatu.

Washauri watatu

Chagua mmoja anayelijua Neno (mchungaji, katekista, mzee wa kanisa), mmoja anayelijua jambo lenyewe (bwana shamba, fundi, mwalimu), na mmoja atakayeumia ukikosea, mara nyingi mke au mume. Watu hukosea zaidi kwa huyu wa tatu: anaambiwa uamuzi ukiwa umeshatolewa. Pia usianze na "Mungu ameniambia". Ukisema hivyo umewafunga midomo, maana nani atabishana na Mungu? Sema "Nafikiria hivi, nionyesheni ninapokosea."

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao mjomba ana neno zito. Mheshimu, mfuate hadi kwake, keti, msikilize mpaka mwisho. Kama anachotaka kinagongana na ukurasa wa kushoto, mwambie kwa upole, kwa mdomo wako mwenyewe, usitume mtoto. Kama hakigongani, elewa kwamba Mungu hutumia wajomba pia. Mila haitupwi yote wala haimezwi yote. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, anakumbukwa kwa jando la Kikristo: yaliyopingana na imani yaliondolewa, mengine yakabaki pamoja na sala.

Ndoto, ishara na manabii

Ndoto iandike, weka tarehe, usiifanyie kazi peke yake. Nabii aliyekuletea neno mpime kwa mambo mawili: linakubaliana na ukurasa wa kushoto? Na je, linamwingizia yeye pesa? Ukisoma 1 Wafalme 13 utakuta mtu wa Mungu aliyekuwa na amri iliyo wazi, akadanganywa na nabii mzee aliyedai malaika amesema naye. Akaiacha amri kwa ajili ya habari, simba akamuua njiani. Gideoni na ngozi yake ya kondoo si mfano wa kuiga. Alikuwa ameshaambiwa aende, naye akaomba uthibitisho mara mbili kwa sababu ya hofu. Mungu alimvumilia.

Kuhusu "nina amani moyoni": ni ushahidi dhaifu. Yona alilala usingizi mzito merikebuni akiwa anamkimbia Mungu, na Yesu pale Gethsemane alihuzunika kiasi cha kufa akiwa katikati ya kutii.

Kutii

Jambo la kushoto lipewe hatua ya kwanza ndani ya saa 24, hata iwe ndogo: kupiga simu, kurudisha 5,000 kati ya 50,000, kusema samahani. La kulia lipe tarehe ya mwisho, wiki mbili kwa mambo ya kawaida, kisha amua. Kusubiri nako kuna mwisho wake. Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, hauna habari kwamba bado unaomba, na raundi za salfa zinapishana siku 14. Ukikosa raundi umeamua tayari.

Tazama namna hatua inavyoonekana. Umefika ghalani, gunia limepimwa, mizani imesoma 68. Karani amechoka, jasho linamdondokea kwenye kitabu, anaandika 86. Kijana nyuma yako anakusukuma usogee. Sema pale pale, kabla hujatoka kwenye foleni: "Karani, samahani, angalia tena, mizani imesoma sitini na nane." Usingoje kesho. Karatasi ikishatoka na malipo yakishapita benki, kurekebisha kutahitaji watu wengi na barua, na ujasiri utakuwa umeisha. Usihubiri. Chukua karatasi iliyosahihishwa, ondoka. Kilo 18 zimekwenda, na huenda waliokuona wakakucheka hadi jioni. Zaburi 15:4 inamsifu mtu asiyebadili neno lake hata likimletea hasara, kwa hiyo hasara si dalili kwamba ulikosea.

Mlango ukifungwa usiharakishe kusema shetani amezuia. Katika Matendo 16 Paulo alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, akaendelea kutembea mpaka Troa, ndipo maono ya Makedonia yakaja. Masasi yenyewe ina historia ya namna hiyo: misheni ya Kianglikana ilikuwa ikitazama Ziwa Nyasa, lakini mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaweka Masasi watu walioachwa huru kutoka utumwani. Ziwa lilikuwa bado mbali, na kanisa likaota hapo.

Ukigundua umekosea njia, rudi kwenye jambo la mwisho ulilokuwa na hakika nalo, ulifanye, kisha endelea. Aliyewahi kupotea porini kati ya Newala na Masasi anajua: unarudi hadi pale ulipoiona njia mara ya mwisho, hukati pori ukitafuta njia ya mkato.

Siku pesa inapoingia

Orodha ya matumizi iandikwe kabla ya malipo, ukiwa na njaa bado. Panga hivi: madeni, sadaka, salfa na palizi ya msimu ujao, ada za shule, kisha mengine. Mke na mume waisome pamoja na wote wawili waweke sahihi. Ujumbe wa benki ukiingia, fuata orodha, na kwa siku tatu usikate shauri lolote jipya: si pikipiki, si kiwanja, si mchumba. Wazo likija, liandike ukurasa wa kulia na tarehe yake. Siku ya nne lisome tena mbele ya yule mshauri wa tatu.