Posti za maveterani Marekani: ziko wapi, na zinakusaidia nini wewe na familia yako

Karibu kila mji mdogo wa Marekani una jengo ambalo watu wetu wengi wanalipita kila siku bila kugeuza shingo, bendera mbele, pengine mzinga wa zamani umewekwa kwenye majani, na ubao umeandikwa American Legion au VFW (Veterans of Foreign Wars, chama cha waliopigana vita vya nje) halafu namba. Hiyo ndo posti, yaani tawi la chama cha waliowahi kuwa jeshini. Naandika hii manake vijana wetu waliovaa magwanda ya Marekani ni wengi sasa, kuna walioingia na grinkadi, kuna walioingia kwa ile programu ya MAVNI ya kuchukua wageni wasio na grinkadi wenye lugha au ujuzi uliohitajika jeshini, iliyoanza kuandikisha 2009 mpaka ikasimamishwa 2016 ambayo Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa, na wengi wao wametoka jeshini wamerudi kazini kimya kimya, goti linauma, usingizi hamna, na hawajawahi kukanyaga hizo posti hata mara moja. Inaniuma kweli.

Kwanza uelewe zimekaaje kwenye ramani, maana ukitafuta kwa mazoea ya kutafuta duka utachanganyikiwa. American Legion ilianzishwa 1919 na wanajeshi waliopigana Vita ya Kwanza, makao makuu Indianapolis, na ina posti zaidi ya 12,000. VFW yenyewe mizizi yake ni ya 1899, makao makuu Kansas City upande wa Missouri, posti zake ni chache kuliko za Legion ila bado ni maelfu. Sasa hizo posti zilifunguliwa pale wanajeshi walipokuwa wanaishi wakati huo, wakulima na watu wa viwandani wa Iowa, Minnesota, Wisconsin, Nebraska, Pennsylvania, kila kamji kakataka posti yake na kuipa jina la kijana wao aliyefia vitani. Wimbi la pili likaja baada ya 1945, Legion ikapita wanachama milioni 3. Tangu hapo watu wamehama, vijijini kumebaki wazee, na maveterani wengi wa leo wako Texas, Florida na California, kila jimbo kati ya hayo lina zaidi ya milioni 1. Lakini majengo hayahami. Ndo maana unaweza kukuta kamji ka Iowa kenye watu mia tisa kana posti na ukumbi mzuri, wakati kitongoji kipya nje ya Dallas kimejaa familia za wanajeshi na posti yao inakutana kwenye chumba cha maktaba.

Kwa hiyo ukiwa Lowell, Marietta, Kent, au Brooklyn Park kule Minnesota ambako Wakenya wamejaa, usitafute katikati ya jiji tu, angalia vile vitongoji vya zamani vilivyojengwa miaka ya hamsini na miji midogo ya pembeni, mwendo wa dakika ishirini hivi kwa gari. Miji ya kambi ni hadithi nyingine, Killeen, Fayetteville ya North Carolina, Tacoma, Norfolk, kule posti ziko jirani jirani na wanachama wengi bado vijana, mtu mweusi mwenye lafudhi hashangazi mtu. Vijijini pengine utaangaliwa kidogo siku ya kwanza. Sema uliwahi kutumikia wapi, mazungumzo yanafunguka yenyewe.

Na hizi namba jamani zinachanganya watu sana. Namba za Legion zinaanza upya kila jimbo, Posti 1 unaweza kuikuta Colorado na ukaikuta jimbo lingine pia, kwa hiyo ukiambiwa namba uliza na jimbo. Za VFW ni za nchi nzima, haijirudii. Tena anwani inayotokea kwenye tovuti yao wakati mwingine ni sanduku la posta tu au nyumba ya kamanda, piga simu kabla hujawasha gari.

Nani anaruhusiwa kujiunga? Legion ni rahisi, tangu sheria ilivyobadilishwa Julai 2019 mtu yeyote aliyetumikia hata siku moja ya utumishi kamili wa serikali kuu tangu tarehe 7 Desemba 1941 na akatoka kwa heshima, au bado yuko kazini, anaingia. VFW wanataka uwe raia wa Marekani na uwe umetumikia nje kwenye eneo la hatari, Iraq, Afghanistan na kadhalika, na hapa wengi hawajui kwamba Korea pia inahesabika, siku 30 mfululizo au 60 za kukusanya. Vijana wetu wangapi wamepita Camp Humphreys, ile kambi ya Marekani kule Korea, wakadhani VFW haiwahusu!

Lakini kitu kikubwa kwangu ni huyu mtu anaitwa afisa wa huduma, ambaye Legion, VFW na DAV (chama cha maveterani wenye ulemavu) wote wanao, na msaada wake ni bure kabisa hata kama sio mwanachama wao. Huyu ndo anakuandikia klemu ya ulemavu, yaani madai ya malipo, kwa VA, ile idara ya serikali ya maveterani, na kuifuatilia. Hakikisha ana kibali cha VA, sio kila mzee wa pale posti anacho, na mara nyingi mwenye kibali anakaa ofisi ya jimbo au ya kaunti au ndani ya ofisi za VA zenyewe, posti inakuelekeza tu. Beba fomu DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, na karatasi za hospitali. Kama hujajiandaa, mwambie akufungulie kwanza taarifa ya nia ya kudai, hiyo inakushikia tarehe yako mwaka mzima, ukija kulipwa unalipwa kuanzia pale. Na kama bado uko jeshini, klemu unaweza kuipeleka ukibakiza siku kati ya 180 na 90. Mtu akikupigia simu anataka asilimia ya hela yako ili akujazie fomu, kata simu.

Anayepanga kurudi nyumbani Nairobi au Arusha kabisa, maliza klemu kabla hujaondoka. Legion ina idara Ufaransa, Meksiko na Ufilipino lakini Afrika haina, wa kukushika mkono ana kwa ana hutampata. Uanachama wako unaendelea hata ukiwa mbali, na VA wana programu ya matibabu nje ya nchi kwa ugonjwa uliokubaliwa kwamba umetokana na jeshi, ndo maana hiyo klemu iwe imeshapita.

Kwa wasiowahi kuwa jeshini, ukumbi. Send-off, harambee, msiba, posti nyingi zinakodisha na mara nyingi ni nafuu kuliko hoteli, parking ipo, viti vipo. Uliza bei, dipoziti, bima ya siku moja, saa ya kufunga muziki, na kama jikoni mnaruhusiwa kupika au kupasha tu. Vinywaji msiingize vyenu bila kuuliza, baa yao ina leseni na wanaweza kuipoteza. Halafu mkikuta meza ndogo imetandikwa kwa mtu mmoja na hakuna anayekaa, waelezeni watoto na MC mapema, hiyo ni ya wanajeshi waliopotea vitani na waliotekwa, haisogezwi, haiwekewi keki. Ile baa yao mara nyingi kofia inavuliwa mlangoni, ila baraghashia ya dini ni kitu kingine, waambie kwa upole.

Na watoto wa sekondari, kuna shindano la insha ya sauti la VFW linaitwa Voice of Democracy, lipo tangu 1947, zawadi ya juu ni dola 35,000 za masomo. Mzazi sio lazima awe mwanajeshi, na mtoto mwenye grinkadi au aliyeomba na hajakataliwa anaingia. Rekodi inapelekwa posti ya karibu, mwisho ni tarehe 31 Oktoba, kwa hiyo mwezi wa tisa uwe umeshajua posti yenu ni ipi na nani pale anazipokea.