Jinsi ya kusoma mavazi ya Oxford Street kipindi cha joto kabla hujafunga belo lako

Kila ikifika Juni naanza kupokea meseji toka nyumbani, dada tuambie London wanavaa nini saizi hii tujue cha kuagiza, na mi jibu langu huwa lile lile, wanavaa raba. Watu wanacheka wanadhani nawakwepa. Sasa leo naandika njia yangu yote mwanzo mwisho, ndo naitumia kuchagua mzigo wa mitumba ninaoufunga huku Barking, mashariki ya London, unaenda kwa wifi yangu mwenye meza pale soko la Karume, Dar, na haitaki kitu zaidi ya kalamu, kidaftari na miguu mizima.

Kwanini niende barabarani wakati maduka yote yapo mtandaoni? Kwasababu mzigo wangu wa kwanza niliuchagua kwa kuangalia vioo vya maduka. Julai ile kila dirisha lilikuwa na vile vinguo vya kipande kimoja, juu blauzi chini kikaptula, maua maua mwili mzima, nikasema hii ndo London ya sasa nikaenda ghalani nikaomba hivo hivo nikajaza. Wifi alivyofungua belo akanipigia video kakishika kimoja kwa vidole viwili kama kaokota panya, "Wifi, hivi ni vya kulalia au vya kuogelea?" Vingi mpaka leo ni vitambaa vya kufutia meza. Baada ya aibu ile nikapanda treni nikaenda Oxford Street, barabara ya maduka katikati ya London, safari hii kioo nikakipa mgongo nikaangalia watu, nikakaa saa nzima, nikamuona mmoja tu aliyekivaa na yeye alikuwa mtalii anatetemeka kwa baridi.

Hatua ya 1: Siku

Siku ya kwanza ya jua usiende kabisa. Mwenyeji wa huku akiona jua la kwanza anachota kilicho chini ya kabati, utaona pensi ina mikunjo ya miaka minne, gauni la harusi ya binamu, ndala za hotelini, yaani mtu amevaa furaha tu hajachagua. Siku ya tatu ya jua mfululizo hapo ndo kila mtu anavaa anachokiamini. Na siku ya joto la kupitiliza nayo inadanganya, tarehe 19 Julai 2022 joto hapa Uingereza lilivuka digrii 40, mi nilikuwepo nje, watu walivaa chochote kisichogusa ngozi, ukihesabu siku kama ile utaagiza singlendi tupu. Tafuta siku ya digrii 22 mpaka 25, asubuhi ina kibaridi, mchana jua, na kuna wingu moja linazunguka zunguka. Hiyo ndo joto lao la kweli, wala usicheke, watu wa Dar kwa digrii hizo tunatafuta sweta.

Jumanne, Jumatano au Alhamisi, maana Jumatatu na Ijumaa watu wa ofisini wengi wanafanyia kazi nyumbani. Jumamosi waachie watalii.

Hatua ya 2: Mahali na saa

Oxford Street ina kama kilomita 2, toka Marble Arch upande wa magharibi mpaka Tottenham Court Road mashariki, ila kimavazi ni barabara tatu, ukisimama sehemu moja tu utarudi na theluthi ya habari.

Anza mashariki, Tottenham Court Road, saa mbili na nusu asubuhi, watu wa kazi wanatoka chini kwenye treni. Hapa ndo nimejifunza mengi kuliko kwingine. Tai hakuna, nasema hakuna, unaweza kumaliza ukurasa mzima hujaandika tai. Suti kamili ukiiona ujue ni mlinzi wa duka au mtu ana intavyuu. Mwanaume wa ofisi anavaa kadeti rangi ya mchanga au bluu iliyoiva, shati la kitani halijanyooka vizuri (kitani ndo hii mafundi wanaita lineni) na raba nyeupe. Mwanamke gauni refu la maua au suruali pana ya kitambaa, juu jaketi la jinzi au kakoti kepesi, chini raba nyeupe, begani mfuko wa kitambaa wa shilingi mbili tatu. Ndani ya ule mfuko kuna siri. Nilishamtazama mmama mmoja kajishikiza kwenye nguzo ya kituo cha basi, kavua raba ya kushoto, katoa kiatu cha mchuchumio mfukoni kavaa, kahamia kulia, raba zikaingia mfukoni, kajikung'uta gauni, kaingia mlango wa jengo la tatu toka pale. Hazikupita hata dakika mbili. Mchuchumio huku unatembea ndani ya mfuko, ndo maana ukifika kwenye mitumba unakuta soli bado mpya kabisa, na nyie mnadhani ni bahati ya belo.

Saa saba mchana sogea katikati, Oxford Circus, inapokutana na Regent Street. Tangu 2009 pale taa zikisimamisha magari pande zote watu wanavuka mpaka kwa kukata kona kwa kona, kama herufi X. Kabla taa haijawaruhusu wanarundikana wanakutazama na wewe unawatazama, hakuna sehemu rahisi ya kuhesabu kama hiyo. Barabara imelala mashariki magharibi, kwahiyo mchana upande wa kusini una kivuli cha majengo na wa kaskazini unapigwa na jua, simama kivulini uangalie walio juani, unaona rangi zote na huungui macho.

Vijana ndo wapo hapa. Jinzi za bwanga zinazofagia lami, kitopu, jaketi limefungwa kiunoni, kapelo, jezi za mpira za zamani hata kama hajui timu, soksi nyeupe zimevutwa juu, sendo nene na soksi ndani yake (hii wifi aliapa namdanganya mpaka nikamchorea). Pensi za wanaume zimepanda juu ya goti, zile kubwa za mifuko pembeni utaziona kwa wababa. Na kila mmoja kafunga kibegi kwa mkanda kupita kifuani, hapo usidhani ni mtindo tu, nitakueleza mbele.

Jioni, kama saa kumi na moja hivi, malizia Marble Arch. Jua usiliogope, Juni linazama saa tatu usiku imeshapita. Upande huu kuna Selfridges, ipo tangu 1909, na Edgware Road inaanzia hapo hapo na migahawa yake ya Kiarabu, kwahiyo shule za Ghuba zikifunga familia zinashuka huku kukimbia joto la kwao. Abaya hapa zimefunguka mbele, rangi ya maziwa, kijivu, kahawia ya karanga, chini raba za bei, na waume zao hawavai kanzu, wamevaa tisheti na pensi wanasukuma kigari cha mtoto. Mwaka jana nilikuwa kituoni hapo nasikia nyuma yangu, "Vaa sweta mwanangu, upepo huu utakuumiza kifua," Kizanzibari safi kabisa. Nikageuka, mama wa Muscat, mtoto kafungwa mpaka shingoni, na mbele yao anapita Muingereza kavaa singlendi bega limeiva kama nyanya. Tukasalimiana, nikamuuliza ile abaya kainunua wapi, akaniambia nyumbani, huku haji kununua abaya anakuja kununua raba.

Hatua ya 3: Hesabu kuanzia miguuni

Uso ukiuangalia kwanza umeshapotea, utaanza kuhesabu wazuri. Anza kiatu, panda suruali au gauni, juu, koti, begi, basi. Mi nachora mistari mitano tu kwa mkupuo: raba, sendo, simpo, mchuchumio, vingine. Watu mia, halafu ukurasa mpya wa nguo za chini, watu mia wengine. Usijaribu vyote kwa mtu mmoja, wanatembea haraka.

Hatua ya 4: Mtenge mwenyeji na mgeni

Nguo zinazoingia kwenye belo zimetoka kwenye kabati za wenyeji, mtalii anarudi na zake kwao. Mtalii ana koti la mvua jembamba lenye zipu, begi la mgongoni, viatu vya kupanda mlima katikati ya mji, na anasimama ghafla. Mwenyeji hasimami, na hata jua likiwaka kabeba kakoti mkononi kwasababu anajua. Utamuona pia kafungua vifungo viwili vya shati jasho linamtoka, huyo katoka kwenye treni za njia ya Central, mle chini ya ardhi hakuna kiyoyozi, za njia ya Elizabeth ndo zina baridi. Wenyeji wanavaa kwa ajili ya treni kabla ya barabara, hilo lilinichukua miaka kulielewa.

Hatua ya 5: Simu mfukoni

Daftari, sio simu. Kupiga watu picha bila kuwaambia sio ustaarabu, hiyo moja, na pili maeneo haya simu zinapokonywa na vijana wa baiskeli za umeme, wanapanda mpaka njia ya waenda kwa miguu. Yangu iliponea chupuchupu, kidole cha mtu kiliigusa kabisa. Ndo maana ya vile vibegi vya kifuani.

Hatua ya 6: Nenda duka la chariti wiki hiyo hiyo

Hapa ndo penyewe na ndo watu wanapakosea. Ulichokiona barabarani hakipo kwenye belo, kwasababu mwenyewe bado anakivaa! Kilichopo kwenye belo ni kile ambacho hukukiona. Kwahiyo chukua daftari lako, ingia maduka ya chariti, yale yanayouza nguo watu walizotoa msaada, mtaani mbali na katikati ya mji, uone kilichorundikana. Jinzi za modo zimebana mpaka kifundoni, safu kwa safu, wakati barabarani kijana mwenye modo unamtafuta kwa tochi. Blauzi za ofisini za mikono mirefu, tai, suti. Hivyo ndo vinakuja kwa wingi na kwa bei ya chini. Bwanga na kitani bado ni vichache, ghalani wanazipandisha bei kwenye krimu, ile gredi ya juu, usigombanie, subiri watu huku wazichoke.

Alafu vioo vya maduka kuanzia Agosti vinaonyesha makoti, huku nje watu bado wana sendo. Ukivifuata vioo hapo unakosea misimu miwili kwa mpigo.

Hatua ya 7: Geuza kwa Kiswahili cha sokoni

Sio kila kinachovaliwa Oxford Street kinavalika Karume. Gauni refu la maua linaondoka siku hiyo hiyo, halihitaji maelezo, na likiwa na mkono ndo kabisa. Kata mikono na vikamba inategemea mtaa. Modo za rangi zinauzika bado, ila wifi anataka zinazovutika, jinzi ngumu harudishi hata simu yangu. Raba nyeupe zinakuja zimechoka, watu wamezivalia kazini kila siku, angalia soli kabla ya kitu chochote. Michuchumio chukua tu.

Na makoti, wakati huku London wanavaa pensi, Juni na Julai, Njombe na Makete ndo baridi lao linauma. Mi belo la makoti nalifunga Januari, meli haina haraka, na mteja wa Makete hanisubiri mpaka Agosti.