Daktari wa Ada ya Mwezi Marekani: Usiache Bima kwa Ajili Yake

Nianze na la msingi, na nitalirudia: kadi ya daktari wa ada ya mwezi siyo bima. Siyo bima ndogo wala bima ya bei nafuu. Siyo bima kabisa.

Mpango wenyewe uko hivi: unamlipa daktari ada kila mwezi, mara nyingi dola 50 hadi 100 kwa mtu mzima, na unamwona kila unapohitaji. Kujiunga ni fomu, kadi ya benki na sahihi, basi. Na huduma ni nzuri, sitadanganya. Kwingine daktari hukuhudumia dakika chache macho yakiwa kwenye kompyuta; huyu anakaa, anauliza na habari za watoto.

Shida inaanza ukishatoka mlangoni kwake. Mke wangu alipobanwa na tumbo usiku, dada wa mapokezi hospitalini aliigeuza ile kadi mbele na nyuma, akaturudishia, akauliza, "Na bima?" Yalikuwa mawe kwenye nyongo: upasuaji, kulazwa. Watakutibu, maana sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali kumhudumia mgonjwa wa dharura hata kama hana senti. Bili inakufuata nyumbani. Kliniki ilituambia siku ya kujiunga, "Hapa kila kitu kimo, msiwe na wasiwasi." Ukurasa wa tatu wa mkataba, kwa herufi za kutafutia miwani, ulisema kinyume chake.

Hapa Texas sheria ya 2015 inatamka wazi kuwa mkataba huu siyo bima, na daktari anatakiwa akuambie hivyo kwa maandishi. Akishakuambia, amemaliza. Ukienda kulalamika kwa mamlaka ya bima ya jimbo, unaambiwa hilo haliwahusu. Jimbo la Washington, waliotunga sheria yao 2007, wanambana daktari zaidi: hapandishi ada zaidi ya mara moja kwa mwaka, anatoa taarifa siku 60 kabla, na ukijitoa anakurudishia pesa ya huduma ambayo hujapata. Basi usikubali maneno ya binamu yako wa Seattle, kule Washington, ukiwa Houston, hapa Texas. Soma sheria ya jimbo lako.

Mtego wenyewe hasa ni huu. Ukipoteza bima ya kweli, tuseme umeachishwa kazi, una siku 60 za kujiandikisha bima nyingine. Ukiiacha kwa hiari yako katikati ya mwaka ili umfuate daktari wa ada, hizo siku 60 huna. Ukija kumwacha daktari wa ada, huna vilevile, kwa sababu hukuwa na bima! Utasubiri msimu wa kujiandikisha, Novemba, na bima ianze Januari. Omba Mungu usiugue hapo katikati.

Kwetu Tanzania ungebembeleza pale dirishani, ungempigia mtu anayemjua mtu. Wamarekani ni wakarimu, ila ukishaweka sahihi wanachukulia umesoma na umeelewa, na karatasi ndiyo inayosema.

Shangazi zangu wa Moshi, shikamooni. Mnaposema "mwandikishe tu mama kwa yule daktari wako wa dola 70," mnanitakia mema, lakini mama akianguka bafuni yule daktari hatamlipia hata gari la wagonjwa. Anayekuja kutembea akatiwe bima ya safari kabla hajapanda ndege.

Ukimtaka huyo daktari, mchukue pamoja na bima ya mambo makubwa. Tangu Januari 2026 hata mwenye akaunti ya akiba ya matibabu, ile HSA, anaruhusiwa, mradi ada isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja au 300 kwa familia. Uliza kampuni ya bima kama ada hiyo inahesabiwa kwenye kile kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Kwa kawaida haihesabiwi.

Na kama bili imeshafika, usilipe kwa kadi ya mkopo kwa woga. Omba mchanganuo, kisha omba fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu huo. Sisi walitupunguzia. Kilichobaki tunakilipa kidogo kidogo kila mwezi.