SOMO: Kupata upitishaji wa umeme kutoka kwenye shimo jeusi la AdS4 (anga-wakati ya kinadharia yenye vipimo vinne na mpindo hasi)

Wakuu, swali la namna ya kukokotoa upitishaji wa umeme (σ) kwa kutumia shimo jeusi limejirudia mno humu. Nalijibu mara moja, wakiuliza tena nabandika kiungo. Mfano ni superkondakta (maada inayopitisha umeme bila ukinzani ikipoa chini ya halijoto Tc) ya Hartnoll, Herzog na Horowitz (2008): elektroni zinaathiriana kwa nguvu kiasi kwamba hesabu za kukadiria kidogokidogo zinagoma, kwa hiyo unahamia kwenye graviti: maada inahesabiwa kuwa iko mpakani mwa AdS4, na shimo jeusi lililo ndani linaiwakilisha.

1. Shimo jeusi: f = r² − r₀³/r, ambapo f ni kigezo cha jiometri, r₀ ni upeo wa shimo (f = 0), na L, kipimo cha mpindo wa AdS4, ni 1.

2. Halijoto: T = 3r₀/4π. Ndiyo halijoto ya maada iliyo mpakani.

3. Weka uga ψ wenye chaji, m² = −2, pamoja na potenshali φ. Kwenye upeo wa shimo φ = 0. Mbali, ψ = ψ₁/r + ψ₂/r²; kimoja ukifanye sifuri.

4. Tikisa kwa uga mdogo wa sumakuumeme wa masafa ω, A·e^(−iωt): (fA')' + (ω²/f − 2ψ²)A = 0.

5. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Karibu na upeo kuna mawimbi mawili, linaloingia shimoni na linalotoka. Chukua linaloingia tu: A ~ f^(−iω/4πT). Usianzie r₀ yenyewe, f ni sifuri na programu itagawa kwa sifuri. Anzia nje kidogo kwa mfululizo. Kisha ijaribu kwa ψ = 0: lazima σ iwe 1 kwa masafa yote, sawasawa kabisa. Ukipata −1 umebeba wimbi linalotoka, yaani maada yako inazalisha umeme bure. Usiendelee mpaka uione hiyo 1.

6. Mpakani A = A₀ + A₁/r, basi σ = −iA₁/(ωA₀).

Maswali

— Mkuu yangu inaleta error, naomba code.
— Error gani? ψ = 0 imekupa ngapi?
— Sijajaribu hiyo.
— Hatua ya 5.

— Samahani mkuu, chini ya Tc naona sehemu halisi ya σ inashuka karibu sifuri kwenye masafa madogo. Si ilitakiwa ipitishe umeme bila ukinzani?
— Umeangalia vizuri. Mwiba wa upitishaji usio na kikomo uko ω = 0 kamili, hesabu ya namba haiwezi kuudaka. Chora sehemu ya kufikirika: inapanda kama 1/ω, na uhusiano wa Kramers–Kronig (unaofunga pamoja sehemu halisi na ya kufikirika za σ) unalazimisha mwiba uwepo. Ukishafika hapo pima pengo, yaani masafa ambayo chini yake sehemu halisi iko karibu sifuri: ni karibu 8Tc, wakati BCS (nadharia ya superkondakta za kawaida) inatoa kama 3.5Tc. Ila usikimbilie kutangaza umeeleza kaprati (superkondakta za oksidi za shaba). Modeli hii haina hata kimiani cha atomi.

— Nyongeza kwa wa Python: kwenye solve_ivp (kitatuzi cha milinganyo cha SciPy) thamani za mwanzo ziwe changamano, hata kama ni 1+0j.
— Kweli, na kati ya njia zake za kutatua, LSODA haikubali changamano. RK45 inatosha.