Namna ya Kupima Uwezo wa Kijana wa Mpira wa Kikapu
Anza na umri, kwa kuwa kijana wa miaka 18 anayewamudu wapinzani wa miaka 22 bado ana nafasi kubwa ya kukua. Pima kimo pamoja na urefu wa mikono, lakini usiishie hapo: mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Tanzania, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilhali Stephen Curry, aliyeonekana mwembamba mno, alichukuliwa wa saba, lakini ndiye aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Chunguza hasa miguu yake anapomkaba mchezaji mwepesi mbali na kikapu, maana huko ndiko warefu wengi hushindwa. Kuhusu ulengaji, amini zaidi mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo bila mtu kuizuia, kuliko mitupo michache ya pointi tatu. Mtazame pia timu yake inapozidiwa, uone kama bado anakimbia kurudi kukaba.