Kuvuka kutoka Tanga hadi Pemba kwa boti ndogo

Kutoka bandari ya Tanga hadi mlango wa miamba ulio kusini mwa kisiwa cha Fundo, njia ya kuingilia mji wa Wete, ni takriban maili 33 za bahari, karibu mashariki moja kwa moja. Boti ya noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa) ingetumia saa tano na nusu. Umbali huo si wa kutisha. Kinachowasumbua wageni ni mkondo: maji ya pwani hii huvuta kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, yanaweza kufika noti 4.

Chukua mkondo wa noti 2 tu. Ukielekeza omo (mbele ya boti) mashariki na kuiacha hapo, baada ya saa tano na nusu utakuwa umesukumwa maili 11 kaskazini, usawa wa Ras Kigomasha, ncha ya mwisho ya Pemba. Mkondo ukiwa noti 3 utakikosa kisiwa kabisa, na mbele yako ni bahari kuu.

Kwa hiyo omo ielekee kusini kidogo tangu mapema. Kwa boti ya noti 6, mkondo wa noti 2 unadai nyuzi 20, yaani dira isome karibu 110. Mkondo wa noti 3 unadai nyuzi 30, na mwendo wako halisi unashuka hadi noti 5.2, hivyo safari inakuwa ya saa sita na dakika ishirini. Karibu na bara mkondo ni hafifu, unakaza ukishatoka kwenye miamba ya nje. Kila nusu saa linganisha upande unaoelekea omo na njia ambayo GPS inaonyesha umepita. Usifuate tu mshale wa GPS: kila ukisukumwa, mshale unageuka kidogo, nawe unageuka nao, mwishowe unajikuta kaskazini ya mlango, omo ikitazama mkondo na upepo kwa pamoja. Hapo ndipo mafuta huishia.

Wengi husema kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, ndio msimu mwepesi. Ni kweli mkondo hupungua, lakini upepo huvuma dhidi yake, na mawimbi huwa mafupi, yamesimama, yanapiga omo bila kupumzika. Siku ya kaskazi kali ni mbaya kuliko siku ya kusi ya wastani. Miezi mizuri zaidi ni Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana zamu. Katika kusi, usiku na alfajiri ndio nafuu; kufikia alasiri bahari imeshachafuka.

Ondoka saa 11:30 alfajiri ili ufike kwenye mlango kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Saa hizo zina sababu. Unaingia ukitazama mashariki. Ukifika saa tatu asubuhi jua liko machoni, maji yote yanang'aa rangi moja na mwamba hauonekani. Jua likiwa utosini au mgongoni, rangi zinasema: buluu iliyokolea ni kina, kijani mpauko ni mchanga na maji mafupi, kahawia ni mwamba. Mweke mtu omoni, asimame, avae miwani inayokata mng'ao. Ramani za eneo hili zimetokana kwa kiasi kikubwa na upimaji wa zamani, kwa hiyo jicho litangulie, skrini ifuate.

Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji hukupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, hivyo mchana utaingia maji yakijaa: ukigusa mwamba, yatakuinua. Siku za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ni kinyume, mchana maji yanatoka, na ukikwama utangoja.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Pima ulaji wa mashine yako kwa kujaza tangi, kukimbia saa moja ukiwa na mzigo wote, kisha kujaza tena. Petroli ya madumu huwa na maji chini. Ipitishe kwenye chujio na uache lita ya mwisho ndani ya dumu. Beba plagi, filta na impela (kigurudumu cha mapezi) ya pampu ya maji ya kupoza mashine. Impela ikifa katikati ya safari, mashine inapata joto kupita kiasi ndani ya dakika chache.

Nanga nayo ina hesabu. Ukitia nanga maji yamekupwa kwenye mita 4, ongeza mita 3.5 za kujaa na mita moja ya urefu wa omo juu ya maji: ni 8.5. Zidisha kwa 5 kama ni mnyororo mtupu, upate urefu wa kuachia, karibu mita 43. Kwa kamba zidisha kwa 7. Wanaohesabu kwa mita 4 huamshwa usiku na boti inayoburura nanga.

Kurudi, shida inageuka: Tanga unaingia ukitazama magharibi, kwa hiyo fika kabla ya saa nane mchana, jua halijashuka mbele yako. Ukitaka akiba ya muda njiani, itabidi utoke Pemba kungali na giza, wakati miamba haionekani. Jioni ya kuamkia safari sogea utie nanga karibu na mlango, na utoke polepole juu ya njia ileile GPS iliyohifadhi ulipoingia.