Somo: Kompyuta nzito, feni inavuma, na hujafungua kitu

Wakuu, kabla hujabeba mashine kwenda Kariakoo kupigiwa Windows mpya, itafute kwanza programu inayokula prosesa (CPU, yaani ubongo wa kompyuta). Ukifuta kila kitu halafu ukarudisha programu ileile yenye tatizo, umepoteza hela bure.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda Details, kisha bonyeza neno CPU ili walaji wakubwa wapande juu. Subiri dakika mbili tatu, maana mwanzoni namba hurukaruka. Ukikuta System Idle Process iko asilimia 95 usishtuke, hiyo ni nguvu iliyokaa bure.

MsMpEng ni Defender inakagua virusi. TiWorker ni masasisho ya Windows. Wengi tunaunga intaneti bando likiwepo tu, kwa hiyo masasisho yanashuka kwa mkupuo. Iache mashine iwake hadi imalize.

Umakini unatakiwa kwenye svchost, yaani programu ya Windows inayoendesha huduma zake za ndani, kwa sababu virusi hupenda kujificha nyuma ya jina hilo. Usiizime ovyo. Ibofye kulia, chagua Open file location. Ya kweli inakaa C:\Windows\System32 au SysWOW64. Ikikupeleka AppData au Temp, kata intaneti na uendeshe Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka, kazi ya kama dakika 15. Mara nyingi hapo ni mchimbaji wa sarafu za kidijitali (programu inayotumia prosesa yako kumtengenezea mtu mwingine hela) aliyeingia na programu ya kukraki, yaani ya kufungua vitu vya kulipia bila leseni. Wengine ni wajanja: ukifungua Task Manager wanatulia, ukiifunga feni inaanza tena. Tafadhali, acheni kupokezana flashi za kukraki Windows.

Maswali

*Mkuu, kwangu hakuna kinachozidi 10 lakini mashine inajikokota.*
Nenda Performance, angalia Speed ukiwa na kazi nzito. Ikishuka mbali chini ya Base speed, huenda prosesa inajipunguza kwa joto. Kwa joto letu la Januari na vumbi la barabarani, safisha feni, badilisha pesti (ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa), na laptopu usiiweke kitandani. Diski nayo ikiwa 100 muda wote, shida iko huko.

*Chrome inakula 80, niifute?*
Hapana, dada. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, utaona ni tabo ipi. Funga hiyo tu.

*Natumia Windows 10, ndiyo sababu?*
Yenyewe hailemezi prosesa. Ila masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025, hivyo usipojiunga na mpango wa nyongeza wa Microsoft, matundu mapya ya usalama hayazibwi.